Maswali ya Wasomaji: Sheria Zinazomlinda Msichana, na Mahali Zinapokwama

Barua nyingi tulizopokea safari hii kutoka Arusha na Moshi zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: msichana ana haki gani mbele ya sheria na sera za nchi, na mzazi, mlezi au mwalimu afanye nini ili haki hiyo imfikie. Nimechagua tano. Majina hayakuandikwa, na vijiji nimevificha pale ambapo vingeweza kumtambulisha mwandishi. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu mtoto anayezungumzwa humo bado yuko darasani, na muda wa kumwokoa upo.

Dada Mshauri, salamu. Mimi ni shangazi wa msichana wa miaka 15 anayesoma kidato cha pili wilayani Longido. Kaka yangu amekwisha kupokea shuka, sukari na ng'ombe wawili, na anasema binti ataolewa shule zikifungwa mwezi wa Desemba. Nilipomkanya alijibu kwamba sheria ya nchi inamruhusu baba kumwoza binti wa miaka 15, na kwamba mimi niliyeolewa kwingine sina sauti katika boma lake. Naogopa pia kwamba watamkeketa kabla ya ndoa. Nifanye nini bila kuvunja undugu? — Shangazi, Ngaramtoni

Dada yangu, kaka yako amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo imewaponza watoto wengi. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 13, iliweka umri wa chini wa kuoa au kuolewa kuwa miaka 18 kwa mvulana na miaka 15 kwa msichana. Kifungu cha 17 kinataka ridhaa ya baba iwapo msichana hajatimiza miaka 18. Ridhaa ya mama hutafutwa tu ikiwa baba amefariki. Vifungu hivyo vilipingwa mahakamani na mwanaharakati Rebeca Gyumi, na tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupilia mbali rufaa hiyo. Mwaka uliotolewa ulipita sheria ikiwa vilevile, na ucheleweshaji huo ndio unaowapa akina kaka yako maneno ya kusema. Siwezi kuliandika hili bila uchungu, kwa sababu mahakama ilikwisha kusema, na anayeumia wakati wengine wakisubiri ni mtoto.

Lakini katika habari ya binti yenu kuna sheria nyingine ambayo haihitaji mjadala wa umri. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilifanyiwa marekebisho na kuongezewa kifungu cha 60A, kinachokataza mtu yeyote kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari katika mazingira yoyote yale. Anayemwoa, na pia anayempa mimba, anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Baba anayepokea mahari ya mwanafunzi ajiulize mwenyewe kama hasaidii, na wazee wanaoketi kupanga siku ya harusi wajiulize vivyo hivyo. Ridhaa ya baba haiondoi kosa hilo.

Sasa angalia kwa makini mahali ambapo ulinzi huu una ufa. Kifungu cha 60A kinamlinda mwanafunzi. Msichana wa miaka 15 ambaye jina lake halimo katika daftari la shule anarudi chini ya Sheria ya Ndoa, na hata Kanuni ya Adhabu, ambayo inahesabu kuwa ni ubakaji mwanamume kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 hata kama msichana amekubali, imemtoa katika ulinzi huo mke mwenye miaka 15 au zaidi ambaye hajatengana na mumewe. Hii ndiyo sababu wapo wazazi wanaomshurutisha binti aandike majibu ya makosa katika mtihani wa darasa la saba, na wengine humhamisha shule kwa maneno bila barua ya uhamisho, ili jina lipotee polepole. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba, kabla ya kikao chochote cha ndugu, ni kuhakikisha kwamba binti anahudhuria kila siku na kwamba mkuu wa shule na mwalimu wa malezi wanajua kinachopangwa. Siku atakayokosekana, mwalimu awe anajua pa kuuliza.

Kuhusu ukeketaji, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ililifanya tendo hilo dhidi ya msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na kifungo chake ni kati ya miaka 5 na 15. Hofu yako ina msingi. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 10 ya wanawake nchini walikuwa wamekeketwa, lakini katika Mkoa wa Arusha ilikuwa asilimia 41. Kiwango cha taifa kilishuka hadi asilimia 8 katika utafiti wa 2022, huku Arusha ikiendelea kuwa miongoni mwa mikoa inayoongoza. Likizo ya Desemba ndiyo inayotumiwa zaidi, kwa kuwa kidonda hupata muda wa kupona kabla ya shule kufunguliwa.

Unauliza utafanyaje bila kuvunja undugu. Mimi ningeanza na laigwanani, yaani kiongozi wa mila wa Kimaasai, anayeheshimiwa na kaka yako, kwa sababu wako viongozi wa mila ambao wamesimama hadharani dhidi ya jambo hili, na neno lao linaweza kumpa kaka njia ya kurudisha ng'ombe bila kujiona ameaibishwa. Lakini usisubiri jibu lao mikono mitupu. Mwone mtendaji wa kata na afisa ustawi wa jamii, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Ukiogopa kuonekana, piga namba 116, ambayo ni ya bure na ni ya kutoa taarifa za watoto. Kaka yako anaweza kukununia miaka miwili. Binti akiolewa na kukeketwa, hakuna kikao cha usuluhishi kitakachomrudishia alichopoteza.

Kaka yako akikuambia kwamba ada imemshinda, mkumbushe kwamba ada ya shule za umma hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Sare, madaftari na chakula vinabaki kuwa mzigo, hilo ni kweli, na hapo ndipo shangazi anaweza kuchangia.

Mama, shikamoo. Nina miaka 18, naishi Pasua, Moshi. Niliacha shule nikiwa kidato cha tatu baada ya kupata ujauzito, na mwanangu sasa ana mwaka mmoja na miezi michache. Nilirudi katika shule niliyokuwa nikisoma, nikaambiwa niandike barua nisubiri, na mwalimu mmoja akaniuliza mbele ya wanafunzi kama sioni aibu. Mama yangu yuko tayari kumlea mtoto. Je, ni kweli Serikali imeruhusu, au ni maneno ya redioni tu? — Msichana, Moshi

Marahaba, mwanangu. Ni kweli, na aliyekuuliza swali lile mbele ya watoto wenzako alikukosea. Kwa miaka mingi kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 zilitumika kuwaondoa wasichana wajawazito kwa kuhesabu ujauzito kuwa kosa dhidi ya maadili, na mwaka 2017 katazo la wao kurudi lilitangazwa waziwazi na Rais wa wakati huo. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuliondoa, na ukatoka Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 unaoruhusu kurejea kwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwa mojawapo. Mwaka uliofuata ulitolewa mwongozo wa utekelezaji.

Andika barua uliyoombwa, lakini usiiache mezani ikakaa. Andika nakala mbili, peleka ukiwa na mama yako, na omba nakala yako igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Taja namba ya waraka katika sentensi ya kwanza. Barua yenye namba ya waraka na muhuri wa kupokelewa haipotei kirahisi, na ikiwa hakuna jibu baada ya muda wa kutosha, unaipeleka kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri. Hulazimiki kurudi shule ileile; unaweza kuomba nyingine ambako hakuna anayekufahamu, na wasichana wengi katika hali yako wangependa hivyo. Usichelewe, kwa sababu kila muhula unaopita unampa mtu sababu mpya ya kukukatalia.

Njia ya pili ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, yenye ofisi mikoani, ambayo inaendesha elimu ya sekondari kwa njia mbadala. Mradi wa kuboresha elimu ya sekondari unaoitwa SEQUIP, unaofadhiliwa kwa mkopo wa dola milioni 500 wa Benki ya Dunia, umeongeza nguvu hasa katika upande huo wa wasichana waliokatiza masomo. Tafuta matokeo yako ya upimaji wa kidato cha pili na uyatunze vizuri. Ikiwa ulifaulu, hutalazimika kufanya mtihani wa maarifa kabla ya kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne. Njia hii inamfaa mama mwenye mtoto mdogo kwa sababu saa za masomo ni chache, lakini nakuambia waziwazi kwamba inahitaji nidhamu ya kusoma peke yako usiku mtoto akiwa amelala, na masomo ya sayansi huwa magumu bila maabara. Mlango wa shule ya kawaida ukifunguka, ingia huko kwanza.

Kwa wasomaji wengine ninaongeza jambo moja. Waraka ni agizo la wizara, na agizo linaweza kufutwa kwa agizo jingine siku uongozi ukibadilika. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba kupima wasichana ujauzito kwa lazima na kuwafukuza kulivunja haki zao. Haki ya binti huyu wa Pasua inastahili kuandikwa katika sheria iliyopitishwa na Bunge, ili mdogo wake asije akaanza kuuliza upya kama ni maneno ya redioni.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya sekondari ya kutwa karibu na Himo. Wasichana wanakosa masomo siku za hedhi. Serikali iliwahi kusema imefuta kodi ya taulo za kike, mbona bei dukani ni ileile? — Mwalimu, Wilaya ya Moshi

Mwalimu, kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike ilifutwa katika bajeti ya 2018/19 na kurudishwa katika bajeti ya 2019/20. Sababu iliyotolewa ya kuirudisha ilikuwa kwamba bei haikushuka kwa mlaji, maana yake ni kwamba nafuu iliishia kwa wafanyabiashara. Nadhani tatizo lilitambuliwa sawasawa na dawa ikakosewa. Kama msamaha wa kodi haumfikii mwanafunzi, kinachohitajika ni kuufuatilia hadi umfikie, au kuzipeleka taulo zenyewe shuleni. Kuufuta msamaha kulimwacha msichana palepale alipokuwa.

Wakati tukisubiri sera bora, yapo unayoweza kuyafanya. Taulo za kitambaa zinazofuliwa zinaweza kushonwa shuleni, na fundi cherehani mmoja wa pale Himo anaweza kuwafundisha wasichana kwa mchana mmoja. Hata hivyo, kitambaa kinataka maji, sabuni na mahali pa kuanikia pasipo macho ya watu. Nimeona vyoo vya shule ambavyo mlango wake hauna komeo, na msichana hulazimika kumsimamisha mwenzake nje ashike mlango. Komeo ni fedha kidogo sana. Lipeleke suala hilo kwenye kamati au bodi ya shule kwa maandishi, pamoja na idadi ya siku walizokosa wasichana kama inavyoonekana kwenye daftari la mahudhurio, kwa sababu wajumbe wengi ni wanaume ambao hawajawahi kulifikiria, na hesabu ya mahudhurio wanaielewa.

Sisi ni akina mama wauza mboga katika Soko la Kilombero. Tumesikia kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba. Wengine wanasema ilisitishwa. Tufuate njia gani? — Kikundi, Arusha

Yote mawili ni kweli. Kwa mujibu wa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kutokana na udhaifu katika utoaji na urejeshaji wake, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Atawataka muwe na kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki na andiko fupi la biashara. Msikubali kumlipa mtu yeyote ili "awasogezee" fomu, na msiingize katika kikundi jina la mtu asiyefanya biashara nanyi, kwani deni litawabaki ninyi.

Mama Mshauri, shikamoo. Baba yetu alifariki, akatuacha na mama, kaka watatu na mimi. Ukoo umekaa na kugawa kihamba chote, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kwa kaka zangu. Mimi ndiye ninayekaa na mama, ndiye niliyepanda migomba ya upande wa mtoni, na nina binti anayesoma. Wazee wanasema mwanamke harithi kihamba. Sheria inasemaje? — Mwanamke, Wilaya ya Moshi

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa jinsi ulivyotendewa.

Wazee wanakueleza mila kama walivyoipokea. Hata sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963, zilizotumika katika wilaya nyingi za nchi yetu, zilimweka binti katika daraja la tatu la warithi, na ardhi ya ukoo akaruhusiwa kuitumia maisha yake bila kuiuza. Lakini Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri la Bibi Holaria Pastory wa Kagera, aliamua kwamba kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yasiyomhusu mwanamume ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Kifungu chake cha 20 kinasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Mila haikufutwa yote. Imeondolewa pale inapombagua mwanamke.

Kikao cha ukoo hakina mamlaka ya mwisho ya kugawa mirathi. Mamlaka hayo anayo msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Uliza kwanza, kwa upole, kama yupo aliyekwisha kuomba usimamizi. Kama hayupo, wewe au mama mnaweza kuomba. Mtahitaji cheti cha kifo na majina ya warithi wote, na kwa kawaida huambatanishwa muhtasari wa kikao cha familia. Ukoo ukikataa kuandika muhtasari huo, ieleze mahakama hivyo. Kama tayari kaka yako mmoja ameomba, mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na hapo ndipo jina lako na la mama yanapaswa kusikika. Usiruhusu sahihi yako iandikwe kwenye karatasi usiyoisoma hadi mwisho. Wanawake wengi wa mlimani wamepoteza haki yao kwa sahihi iliyoombwa siku ya matanga, huku macho yakiwa bado na machozi.

Mama yako asisahauliwe katika haya. Yeye si mgeni anayehifadhiwa na wanawe. Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu talaka, lakini linakupa hoja ya kusimamia: kihamba kilichozaa kahawa iliyowasomesha kaka zako kililimwa pia kwa mikono yake.

Mkitaka kusuluhishana kabla ya mahakama, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kisheria lina wajumbe 7 na kati yao wanawake wasipungue 3. Ulizia kama hao wanawake wapo siku ya kikao, na kama hawapo, omba kiahirishwe hadi wawepo. Nendeni mkiwa na ombi mahususi, si lalamiko la jumla: taja migomba ya upande wa mtoni na nyumba anayolala mama, eleza mipaka yake kwa majina ya majirani, na omba sehemu hiyo iandikwe kwa jina lenu wawili.